Tippu Tip wa Kasongo, msimamizi wa mali ya watu

Jioni, kazi ikiisha, tukikaa mbele ya ofisi ya sendika hapa Salamabila, mazungumzo juu ya wakubwa hayana mwisho, na mara nyingi mzee mmoja atataja jina la Tippu Tip. Vijana wanamjua kwa neno moja tu: Mwarabu aliyefunga watu minyororo. Ndugu zetu wa Kasongo wataongeza maneno mengine, kwamba wakati wake ndipo mchele uliingia, na dini ya Islamu, na hiki Kiswahili tunachoandika hapa. Wote wanasema kweli. Lakini sisi watu wa kazi tuko na swali letu: kazi yake ilikuwa gani hasa? Nani alimtuma? Mali ilikuwa ya nani, na mzigo ulikuwa kwenye bega la nani?

Tunauliza hivyo juu ya kitu tulichokiona kwa macho. Kuna watu wanaotumwa na makampuni ya ushauri, wale ambao kazi yao ni kusimamia hesabu na biashara ya wengine. Wanafika na ndege, kompyuta kwapani, wanakaa wiki mbili, wanahesabu watu, magari, mafuta na saa za kazi. Usiku hawalali. Simu inawalilia kutoka mbali, kuuliza hesabu imefika wapi. Mgodi si wao, dhahabu si yao, hata zile pesa wanazoongea si zao. Tulimuuliza mmoja kwa nini macho yake ni mekundu hivi, akatueleza kwamba asipomaliza tarehe ile, kuna mwingine anayengoja nafasi yake. Tulimhurumia. Mwezi uliofuata orodha ya watu wa kuachishwa kazi ikatoka, na huruma ikaisha.

Basi Tippu Tip alikuwa mtu wa namna hiyo, miaka mia na zaidi mbele yetu, tena kwenye njia hii hii ya Kabambare na Kasongo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na bunduki.

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara, mwenye nyumba kubwa Tabora, na huko aliwahi kuoa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Hamed alikuwa mweusi wa ngozi sawa sisi, kwa sababu damu ya Kiafrika ilikuwa katika ukoo wao, na hilo halikumzuia mtu kuitwa Mwarabu wakati ule. Alianza biashara akiwa mtoto wa miaka 12, akizunguka na ndugu zake kwenye pwani kununua sandarusi. Akiwa na miaka 18 hivi, akafuata baba yake bara.

Kuna jambo moja katika safari zake za kwanza ambalo alilisimulia mwenyewe katika kitabu chake, na sisi tunalipenda juu linaonyesha mtu. Baba yake alitaka kumtuma ngambo ya Tanganika, mpaka Urua, lakini mali aiweke mikononi mwa mtu mzima mwingine, na kijana amfuate tu. Hamed alikataa. Kwake yeye, kama haaminiwi na mali, afadhali arudi nyumbani. Baba akamwachia. Kufika Urua, wenzake wakubwa wakakimbilia pembe kubwa kubwa, zile zenye sifa na bei ya juu. Yeye akanunua pembe ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezitaka, kwa bei ya chini, akazishusha pwani na kupata faida kuliko wao. Kila mnunuzi wa dhahabu hapa kwetu anaelewa hesabu hiyo: vigramu vidogo vya watu wengi vinaweza kushinda jiwe moja la tajiri.

Sasa tueleze namna ile biashara ilivyotembea, juu bila hiyo hutaelewa kitu. Mtu anayekwenda bara hakuwa na mali yake. Alikwenda kwa matajiri wa Unguja, wengi wao Wahindi, akakopa nguo za merikani na kaniki, ushanga, masango, bunduki na baruti. Yote iliandikwa katika daftari. Bei aliyoandikiwa haikuwa bei ya sokoni, ilikuwa imeshaongezwa faida ya mwenye mali, kwa sababu safari inaweza kuchukua miaka miwili, mitatu, na mkopaji anaweza kufa njiani. Akirudi analipa kwa pembe za tembo, zinazopimwa kwa frasila, karibu kilo 16 kila moja. Akichelewa, deni linaongezeka. Akipoteza mali, wako waliobaki bara mpaka kufa, Tabora au Ujiji au Nyangwe, kwa kuogopa kurudi pwani kuonana na wadai. Hawa walikuwa wengi kuliko unavyofikiri. Nusu ya ujasiri wa Waarabu wa Maniema ilikuwa deni tu.

Mwaka 1867 Hamed alifika Itabwa, kusini ya Tanganika, kwa sultani Nsama, aliyejulikana kwa kuwashinda wafanyabiashara waliotangulia. Waliingia bomani wakapigwa mishale, yeye mwenyewe akajeruhiwa, bunduki zikalia, na Nsama akakimbia. Walikuta pembe nyingi na shaba ya Katanga. Watu wanasema ni hapo, au katika vita za namna hiyo, alipopata jina la Tippu Tip, kwa kufuata mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa pepesa. Alikuwa na jina lingine pia, Mkangwanzara, maana yake mtu asiyeogopa kitu isipokuwa njaa. Mwaka ule ule alikutana na daktari Livingstone, Mwingereza aliyekuwa anatangatanga huko bila vyakula, akamsaidia.

Aliporudi Unguja na pembe zile, mlango mkubwa ulifunguka. Tajiri mmoja Mhindi, Taria Topan, mmoja wa wenye nguvu kabisa katika biashara ya Unguja, aliyekuja kushika hata ushuru wa forodha ya Sultani, akaamua kumwekea mali nyingi. Ni uamuzi wa mtu anayejua kuchagua msimamizi. Taria Topan hakuwahi kuona Kasongo. Hakutembea hata siku moja katika matope ya Lualaba. Yeye alikaa kwenye ghorofa yake kando ya bahari na daftari, na mali ikamfuata.

Tippu Tip aliondoka pwani karibu mwaka 1870. Hakurudi mpaka 1882. Miaka 12, ndugu zetu! Tunaongea leo juu ya wababa wanaoacha familia Kasongo au Bukavu, wakaja kukaa hapa mashimoni miaka miwili bila kurudi, na wamama wanatulalamikia kwenye sendika tuwatafutie. Huyu aliacha nyumba miaka 12, na kila mwaka barua za pwani zilimfuata kuuliza pembe.

Katika safari hiyo ndipo alipofika kwetu. Alipita Utetela, na huko alifanya ujanja ambao mpaka leo wazee wanautaja kwa kucheka nusu na kukasirika nusu. Alimwambia sultani mzee wa huko, Kasongo Rushie, kwamba bibi yake alikuwa dada wa sultani huyo aliyechukuliwa zamani, kwa hiyo yeye ni mjukuu. Mzee akaamini, au akataka kuamini, juu mjukuu alikuja na bunduki nyingi. Akamwachia utawala. Pembe za nchi nzima zikaanza kuletwa kama kodi, pasipo kuzinunua. Mtu aliyekuja na mali ya mkopo akajikuta mfalme.

Mwaka 1874 akatokea Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, ambako Waarabu na Wangwana walikuwa wameshajenga. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa ambako wamama wa nchi walileta samaki, vyungu na muhogo. Ni katika soko hilo, mwezi wa 7 mwaka 1871, watu wa mfanyabiashara Dugumbi walifyatua bunduki juu ya wamama hao, mamia wakafa kwa risasi na wengine wakazama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Tippu Tip hakuwako siku hiyo, lakini tusimtenge sana na jambo hilo: ile ilikuwa biashara yake na watu wake. Kisha akahamia Kasongo, ile ya zamani tunayoita Tongoni, na Waarabu wa pale wakamkubali kuwa mkubwa wao. Kutoka hapo alisimamia kila kitu: mashamba ya mchele, vituo, misafara ya kushuka Kabambare, Mtowa, kuvuka ziwa mpaka Ujiji, halafu Tabora, halafu Bagamoyo. Ndugu yake wa mama mmoja, Muhammed bin Masud aliyeitwa Kumbakumba, alikuwa mshirika wake katika kazi ya pembe.

Tuseme wazi namna pembe zilivyopatikana, kwa sababu katika kitabu chake aliongea pembe nyingi na watu kidogo. Sehemu moja ilinunuliwa. Sehemu moja ilikuwa kodi. Na sehemu kubwa ilipatikana hivi: vijana wenye bunduki wanaingia kijijini alfajiri, wanakamata wamama na watoto, wanaume wanakimbia porini. Baadaye wanaume wanakuja na pembe kukomboa familia zao. Wasio na pembe, watu wao walibaki mateka, wakabebeshwa mizigo, wakauzwa au wakawekwa mashambani. Wale vijana wenye bunduki wenyewe wengi walikuwa watoto waliokamatwa hivyo hivyo, wakakuzwa katika kazi. Ngongo Lutete, aliyekuja kuwa mkubwa wa vita huko Lomami chini ya Tippu Tip, alianza akiwa mtumwa. Huko pwani, katika daftari la Taria Topan, hayo yote yalikuwa mstari mmoja: frasila kadhaa.

Watu wa Ulaya nao walianza kumtafuta, na hapa ndipo kazi yake inafanana kabisa na ile ya wenye kompyuta. Alikuwa anauza maarifa: njia, walinzi, wapagazi, neno lake kwa masultani. Mwaka 1874 alimsaidia Mwingereza Cameron kuvuka Lomami. Mwezi wa 10 mwaka 1876 akaja Stanley, akitaka kufuata Lualaba mpaka mwisho wake. Wakafanya kontra: riali 5,000, Tippu Tip amsindikize vituo 60, kila kituo saa 4 za kutembea. Angalia vizuri kontra hiyo. Saa zimehesabiwa, vituo vimehesabiwa, pesa imeandikwa. Kisichoandikwa ni hali ya njia. Waliingia katika msitu mkubwa kaskazini ya Nyangwe, giza mchana, matope mpaka magoti, ndui na njaa vikaua watu. Siku chache tu Tippu Tip akataka kurudi. Wakakubaliana upya: vituo 20 zaidi, riali 2,600. Wakaachana Vinya Njara mwisho wa mwezi wa 12. Stanley akashuka mto na mwaka 1877 akatokea Boma, akawa mashuhuri duniani. Tippu Tip alisimulia kwamba aliahidiwa zawadi kubwa, na kitu alichotumiwa baadaye kilikuwa picha ya Stanley. Sisi tumecheka sana tulipolisoma hilo. Wangapi hapa wamemaliza miaka 10 au 15 ya kazi wakapewa karatasi yenye muhuri na picha ya kupiga pamoja na mkubwa?

Mwaka 1882 alifika Unguja na pembe zake. Sultani Barghash alimpokea kwa heshima, Taria Topan akafurahi, na kabla hata hajapumzika vizuri kila mmoja alikuwa na mpango wake juu yake. Sultani alimtaka awe mtu wake Tabora na bara. Mawakala wa Mfalme Léopold wa Ubelgiji walimtaka kwa upande wao. Taria Topan alitaka jambo moja tu, arudi Maniema mbiyo kutafuta pembe nyingine, juu bei ilikuwa nzuri. Akarudi mwaka 1883. Mwenye mali ndiye aliyeshinda.

Lakini nchi ilikuwa inabadilika chini ya miguu yake. Mwezi wa 12 mwaka 1883 Stanley alijenga kituo kwenye maporomoko ya Kisangani kwa jina la Léopold. Mwaka 1884 mpaka 1885 wakubwa wa Ulaya walikaa Berlin, na Kongo ikawa Leta ya Léopold, Kasongo na Kabambare zikiwa ndani, pasipo mtu wa Kasongo kuulizwa. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip walipigana na kituo kile, Deane aliyekikamata akakimbia, kituo kikaungua. Tippu Tip mwenyewe alikuwa njiani kwenda Unguja. Alipofika, Barghash akamweleza ukweli mchungu: yeye Sultani hana tena nguvu ya kushika hata bara lake la karibu, Wadachi na Waingereza wanaligawana, asimtegemee. Alielewa siku hiyo kwamba mkubwa wake aliyekuwa nyuma yake miaka yote hayuko tena.

Sasa Stanley akarudi na karatasi mbili. Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 1887, mbele ya konsuli wa Uingereza huko Unguja, Tippu Tip akatia sahihi kuwa gavana wa Leta kwenye maporomoko ya Stanley. Mshahara: paundi 30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya Leta, azuie biashara ya watumwa kwenye mto chini ya maporomoko, aendelee na biashara yake mwenyewe. Mtu aliyetawala kutoka ziwani mpaka Lomami akawa mtu wa mshahara, tena mdogo. Wengi wamemlaumu kwa hilo. Sisi tunaona hesabu yake: Barghash ameanguka, Leta iko na meli na bunduki za kisasa, na ukikataa kuwa gavana wao watamweka mwingine. Ni hesabu ya mtu aliyebanwa. Tunaijua. Delege wa wafanyakazi naye huwekewa karatasi mezani saa 6 usiku.

Karatasi ya pili ndiyo iliyomletea shida. Stanley alikuwa anakwenda kumtafuta Emin Pasha upande wa Ziwa Albert, akataka wapagazi 600 kutoka kwa Tippu Tip, malipo ni kwa kila mpagazi, na kurudi na pembe za Emin. Wakapanda meli Madura pamoja, wakazunguka bara lote kwa kusini, wakatokea Banana mwezi wa 3, wakapanda mto mpaka juu. Stanley akatangulia msituni, akaacha nyuma, Yambuya, kundi la watu na mizigo chini ya meja Barttelot, wangojee wapagazi 600.

Wapagazi hawakuja. Mwezi, miezi mitatu, karibu mwaka. Watu wa Yambuya wakafa kwa njaa na magonjwa wakiwa wanangoja, na hawa waliokufa wengi wao walikuwa watu wa Unguja walioajiriwa kubeba. Tippu Tip alikuwa na hoja yake: kontra ilisema Stanley atatoa baruti na risasi kwa ajili ya wale wapagazi, na hazikutolewa. Tena hakuwa na wapagazi 600 wamekaa chini wakingoja, ilibidi watolewe kwa wakubwa wa vituo ambao kila mmoja alikuwa na kazi yake ya pembe. Stanley upande wake alisema ameahidiwa na hakupewa. Walipotokea mwishoni, mwezi wa 6 mwaka 1888, walikuwa 400 na zaidi kidogo, chini ya mnyapara aliyeitwa Muni Somai.

Na hapo hapo Yambuya likatokea jambo la uzito wa mizigo. Tippu Tip alisema mizigo ni mizito kuliko walivyopatana, watu wake hawataibeba. Wazungu wakalazimika kufungua na kufunga upya. Tunasimama kidogo hapa, kwa sababu hatujapata katika maisha yake yote mahali pengine alipobishana juu ya kilo zilizo kwenye bega la mpagazi. Je, ilikuwa huruma? Hatuamini. Mpagazi aliyechoka ni hasara ya mwenye mpagazi, sawa punda. Lakini mtu aliyebeba siku hiyo, mzigo wake ulipungua kweli, na sisi tunaopigania kila mwaka uzito wa magunia kutoka shimoni hatuwezi kulidharau. Mara nyingine mkubwa anakutetea kwa ajili ya faida yake. Unachukua, na hushukuru sana.

Barttelot hakufika mbali. Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 1888 alipigwa risasi na Mmanyema mmoja, Sanga, mumewe na mama aliyekuwa anapiga ngoma na kuimba alfajiri, ambayo meja alikwenda kuizima kwa hasira. Msafara ukavunjika. Stanley aliporudi kukuta mifupa tu, akamtupia Tippu Tip lawama yote, akafungua kesi juu yake Unguja akidai paundi 10,000, na pesa za Tippu Tip huko zikazuiliwa. Mkubwa aliyeacha watu wake Yambuya pasipo chakula akamshitaki mtu wa wapagazi. Hatusemi Tippu Tip alikuwa na mikono safi. Tunasema tu kwamba mpango ulipoharibika, walitafuta mtu wa chini yao wa kulipa, kama desturi ilivyo.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo kwenda kujibu kesi ile. Aliugua sana njiani, Tabora, akafika Unguja mwaka 1891. Kesi haikuendelea mpaka hukumu. Taria Topan alikufa mwaka ule ule. Tippu Tip hakuona tena Kasongo.

Alikuwa amemwachia mwanawe Sefu Kasongo, na Rashid wa ukoo wake huko maporomokoni. Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 1891 Leta ilianza kudai kwamba pembe na mpira ni mali yake, na biashara ya Waarabu ikakosa mahali pa kusimama. Ngongo Lutete akahamia upande wa Leta mwaka 1892. Vita ikaanza. Nyangwe ilianguka mwezi wa 3 mwaka 1893, Kasongo tarehe 22 mwezi wa 4, mikononi mwa Dhanis na askari wake, ambao wengi walikuwa Waafrika wenzetu. Mwezi wa 9 maofisa wa Leta wakampiga risasi Ngongo Lutete mwenyewe, aliyewafungulia mlango. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1895, askari Batetela huko Luluabourg waliinuka dhidi ya wazungu wao. Sefu akafa mwezi wa 10 mwaka 1893. Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip aliyeshika Ujiji na ukingo wa ziwa, akapigana mpaka mwezi wa 1 mwaka 1894, Kabambare ikachukuliwa, akakimbilia ngambo ya ziwa. Wapagazi waliobeba pembe za Waarabu wakaanza kubeba za Leta, njia ile ile.

Rumaliza alipofika pwani, jambo la kwanza alilofanya ni kumpeleka Tippu Tip mahakamani juu ya mali ya ushirika wao. Washirika wa miaka mingi, wote wamekimbizwa Maniema, wakabaki kugombana juu ya mabaki mbele ya mahakimu wa Ulaya. Hata hivyo mzee hakuwa maskini. Alikuwa na nyumba na mashamba Unguja, yaliyolimwa na watumwa, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa huko. Wengi wa watu hao au wazazi wao walitoka kwetu, na ukienda Unguja leo utakuta watu wanaojua kwamba bibi zao waliitwa Wamanyema.

Katika miaka hiyo ya mwisho Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimwomba aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, Brode akageuza herufi na kuyachapisha kwa Kijerumani pia mwaka 1902 na 1903. Ni moja ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambamo mtu anasimulia maisha yake. Tumekisoma sehemu sehemu. Kimejaa majina: masultani, wadai, ndugu, wazungu, na idadi za frasila. Anakumbuka nani alimkopesha na nani alimchelewesha miaka 30 nyuma. Tumetafuta ndani yake jina la mpagazi mmoja wa Kabambare au wa Bangubangu. Bado tunatafuta.

Alikufa kwa malaria katika nyumba yake ya Unguja, mwezi wa 6 mwaka 1905. Nyumba ile iko mpaka leo mtaa wa Shangani, ina mlango mkubwa wa kuchongwa, na familia za watu wa kawaida zimekaa ndani miaka mingi.